Habari za Kizingiti Kilichokosa Maandishi

Mwashi mmoja, mwenyeji wa Miyuji, ambaye nalimfundisha kusoma alipokuwa mtoto, alikwenda Unguja kufanya kazi ya kutengeneza nyumba ya kale katika Mji Mkongwe. Aliyeikodi nyumba hiyo ni mgeni wa Ulaya. Kazi ilipofika kwenye mlango wa mbele, fundi alitumwa na bwana wake atafute madukani kipande cha mbao chenye maandishi ya Kiarabu, kipate kupachikwa juu ya mlango. Kwa kuwa kizingiti cha juu cha asili kilikwisha ondolewa zamani, na mahali pake palikuwa pametiwa ubao mtupu. Akatafuta siku nyingi. Aliporudi nyumbani wakati wa mavuno alikuja kwangu, akaketi, akanieleza habari zote, kisha akaniuliza neno ambalo sikuweza kumjibu jioni ile. “Mwalimu,” alisema, “nikilipachika neno takatifu la watu wengine juu ya mlango wa mtu asiyelisadiki, nami mwenyewe siwezi kulisoma, je, nimefanya kazi, au nimefanya dhihaka?”

Nimeona yafaa niandike yale niliyoyapata katika kulitafutia jibu swali hilo, kwa maana walio wengi miongoni mwetu, walimu na mapadre, tumewahi kukabidhiwa nyumba ya kale tuitengeneze, nasi tumetafuta kitu cha kuipamba. Tena sisi watu wa nyanda za kati tukienda Unguja tu wageni, kama yule Mzungu alivyo mgeni, ingawa lugha yetu ni moja na bendera ni moja.

Kwanza niseme juu ya nyumba yenyewe. Seyyid Said alipohamisha kiti chake kutoka Maskati kuja Unguja, katika miaka ya 1830 na iliyofuata, mji wa mawe ulianza kukua upesi. Kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, nene sana. Boriti zake ni mikoko, nayo mikoko haina urefu mwingi, ndiyo sababu vyumba vya kale ni virefu na vyembamba, kila chumba kikiupata upana wake kwa kipimo cha boriti. Juu ya boriti hupangwa mawe, kisha hutiwa kokoto na chokaa, na watu wengi hukaa mstari wakaipiga kwa vigongo hata ikashikamana. Fundi wetu alipoyaona mapaa ya namna hiyo yaliyosalia alicheka, akasema, “Hii ni tembe ya matajiri.” Neno lake lina ukweli. Tembe ya Mgogo nayo ina paa la tambarare, miti iliyolazwa na udongo juu yake. Lakini Dodoma kwa kawaida hupata mvua isiyozidi milimita 600 kwa mwaka, na Unguja hupata zaidi ya mara mbili ya hiyo. Paa la tambarare lililotufaa huku liliwasumbua kule, na wengi wakaja kulifunika kwa mabati.

Baada ya mapinduzi ya mwaka 1964 wenye nyumba wengi waliondoka, na nyumba zao zikachukuliwa na serikali. Katika nyumba iliyokuwa ya jamaa mmoja wakaingia jamaa wengi, kila jamaa chumba chake, na dari ikawa si ya mtu. Mahali maji yalipopenya hapakuzibwa, boriti ikaoza, ukuta ukavimba. Mamlaka ya kuuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 mji ukaandikwa na UNESCO katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo kazi haikuisha, wala hatari. Beit al-Ajaib, jumba alilolijenga Seyyid Barghash mwaka 1883, sehemu yake kubwa ilianguka tarehe 25 Desemba 2020, hali mafundi wamo kazini wakilitengeneza, na watu wawili wakafa.

Mafundi wa leo hukosea zaidi katika saruji. Ukuta wa matumbawe hunywa maji na kuyatoa, na chokaa humruhusu kupumua. Ukiupiga lipu ya saruji, unyevu hufungwa ndani pamoja na chumvi, na baada ya miaka michache lipu hubanduka pamoja na uso wa jiwe. Mwashi wa Miyuji alikuwa na faida hapo, kwa kuwa utoto wake aliuona udongo ukikandikwa kabla hajajua mfuko wa saruji. Alijifunza upesi kuloweka chokaa majuma kadha kabla ya kuitumia, na kuipaka kwa tabaka nyembamba nyembamba. Bwana wake alimsifu kwa hayo. Lakini kuta hazikumsumbua. Jambo lililomsumbua ni mlango.

Mlango wa pwani una majina yake, na mwalimu wa lugha yampasa kuyajua. Chini na juu ni vizingiti. Pande mbili ni miimo. Katikati, penye kukutana zile mbao mbili za kufungua, husimama mfaa, uliopigiliwa katika ubao mmoja. Husemwa kwamba tajiri akijenga alisimamisha mlango kwanza, kisha nyumba ikajengwa nyuma yake. Na kama si kila mara ilikuwa hivyo, basi maneno hayo yaonyesha heshima ya mlango. Katika milango ya kale zaidi kizingiti cha juu ni bapa, kimenyooka. Katika ile iliyochongwa tangu siku za Barghash, aliyetawala 1870 hata 1888, juu mara nyingi huwa na upinde, kwa kufuata mtindo wa Kihindi. Na katikati ya kile kizingiti cha juu ndipo mahali pa maandishi: aya ya Kurani au jina la Mungu, mara nyingine mwaka wa Hijra, mara nyingine jina la mwenye nyumba.

Wako wanaowaeleza wageni maana ya kila nakshi: samaki ni riziki, mnyororo ni utumwa, mtende ni neema, na kadhalika. Mimi si mwepesi wa kusadiki. Nakshi si neno la kamusi lenye maana moja iliyoandikwa mbele yake. Fundi huchonga alichofundishwa na mwalimu wake, na mwenye nyumba hulipia kinachopendeza. Lakini maandishi ni jambo jingine. Maandishi yana msomaji.

Yule mgeni, katika barua zake na maneno yake, alikiita kitu alichokitafuta “pambo la dini.” Hapa pana shida ya lugha, nami nitakaa kidogo. Kupamba ni kutia uzuri. Bibi arusi hupambwa, na nyumba hupambwa siku ya sikukuu. Tena maiti hupambwa, yaani hutiwa pamba kabla ya kuvikwa sanda. Katika matumizi yote pambo ni kitu cha kuongezwa juu ya mtu au kitu kilichokuwapo, nacho chaweza kuondolewa bila kumbadili mwenyewe. Muulize mzee wa pwani kama aya iliyo juu ya mlango wake ni pambo. Atakubali kwamba yapendeza, lakini hatalichagua neno hilo kwanza. Atakwambia ni baraka, au kinga.

Maana pwani wanayo maneno mengi ya kinga za nyumba, nayo hayalingani. Zindiko ni dawa au dua ya kuizindika nyumba, isiingiwe na uchawi wala mwizi. Fingo huzikwa ardhini, penye njia ya kuingilia. Kago huwekwa kulinda mali au shamba. Hirizi huvaliwa, au hutundikwa. Wanachuoni wa Kiislamu huyatenga mambo haya na aya ya Kurani, nao hukemea mengine kama vile tunavyokemea sisi. Lakini mtu wa kawaida aliyejenga nyumba mwaka 1880 huenda aliyataka yote pamoja, kama ambavyo Wakristo wengi wa Ulaya walitundika msalaba mlangoni na kiatu cha farasi kando yake. Neno moja tu halimo katika orodha hiyo, nalo ni pambo.

Wala tusidhani ya kuwa kizingiti chenye maandishi ni mambo ya Waislamu peke yao. Musa aliwaamuru Waisraeli kuipaka damu ya mwana-kondoo juu ya miimo na kizingiti, na katika Kumbukumbu la Torati wameagizwa kuyaandika maneno ya Mungu juu ya miimo ya nyumba; Wayahudi hata leo hutia andiko dogo katika kijaluba na kukipigilia mlangoni. Katika nchi nyingi za Ulaya, penye sikukuu ya Epifania, juu ya mlango huandikwa kwa chaki mwaka na herufi C, M na B, nazo zaelezwa kuwa ni vifupisho vya dua ya Kilatini ya kuibariki nyumba. Waliotafsiri Biblia kwa Kiswahili waliyakuta maneno miimo na kizingiti tayari kwenye milango ya watu wa pwani, wakayatumia. Ndiyo maana mlango wa Unguja umo katika Kitabu cha Kutoka, na sisi tulisoma habari zake tukiwa bado hatujauona.

Nakumbuka jinsi habari hiyo ilivyokuwa ngumu kufundishwa huku. Tembe haikuwa na kizingiti cha kuchongwa. Ilikuwa na nafasi katika ukuta wa fito na udongo, na mti uliolazwa juu yake, na mtu mrefu huinama ili aingie. Ngombe walikuwa ndani ya ua, na watu kuuzunguka. Hapakuwa na herufi popote. Heri ya nyumba haikulindwa mlangoni, ilikuwa jambo la nchi nzima: Wagogo huiita mbeho, neno ambalo pia ni upepo na baridi, nayo ilikuwa mikononi mwa mtemi mwenye mawe ya mvua. Mbeho ikiharibika, haikufaa kaya moja kutundika kitu mlangoni. Ilipasa nchi itengenezwe. Basi mtoto wa Miyuji alipoulizwa kwa nini damu itiwe juu ya mlango, hakuwa na cha kulinganisha nacho. Na tembe zenyewe, tangu watu walipokusanywa vijijini katika Operesheni Dodoma mwaka 1971, zimepungua sana. Waliobaki kuzikumbuka kwa macho ni wazee.

Mlango wa nakshi ulipita kwetu lakini haukukaa. Misafara ilivuka Ugogo, ikalipa hongo kwa watemi kwa ajili ya maji na njia, ikaendelea hata Unyanyembe. Huko Kwihara, karibu na Tabora, ipo tembe ya Waarabu ambamo Livingstone na Stanley walifika pamoja tarehe 18 Februari 1872. Stanley akaondoka mwezi wa Machi, Livingstone akangoja wapagazi hata Agosti. Nyumba hiyo leo ni makumbusho, nayo ina milango ya nakshi: paa la bara, mlango wa pwani.

Nimemtaja Livingstone kwa sababu. Sisi Wakristo tunacho kitu chetu kilichotafutwa kwa ajili ya jumba lililojengwa ugenini, nacho chatufundisha habari ya swali la fundi.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa kwa mkataba wa mwezi wa Juni 1873. Sehemu ya uwanja wake ilitolewa kwa misioni ya UMCA na Jairam Senji, tajiri wa Kihindu, na siku ya Krismasi ya mwaka huo huo jiwe la kwanza la kanisa likawekwa. Edward Steere, ambaye wasomaji wa kurasa hizi wamjua kwa kitabu chake cha sarufi ya mwaka 1870, ndiye aliyesimamia ujenzi, na ibada ya Krismasi ilisaliwa humo mwaka 1877. Altare imewekwa mahali ambapo, kama wenyeji walivyoeleza, palikuwa na mti wa kuwapigia watumwa. Katika mwisho wa magharibi ziko nguzo zilizosimamishwa juu chini. Husimuliwa kwamba mafundi walizipachika hivyo Askofu alipokuwa hayupo, naye aliporudi akaziacha. Mimi nazipenda nguzo zile kuliko mengine yote ya kanisa lile.

Katika kanisa hilo umo msalaba wa mti. Livingstone alipokufa kwa Chitambo mwezi wa Mei 1873, moyo wake ulizikwa chini ya mti mkubwa, na Jacob Wainwright, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kusomeshwa Nasik huko India, akachonga jina na tarehe katika gome la mti. Mwaka 1899 mti ulikuwa unaoza, ukakatwa. Kipande chenye maandishi kilipelekwa London, katika chama cha jiografia. Na msalaba wa Unguja umefanywa kwa mti huo huo, lakini sehemu isiyo na herufi. Angalia jinsi vilivyogawanyika: maandishi yalikwenda ng’ambo yakawa kitu cha kutazamwa, na mbao tupu zikaja kanisani zikawa kitu cha kusalia mbele yake. Msalaba ule hauna nakshi ya kutajwa. Thamani yake ni kwamba watu wajua ulitoka wapi, na mbele ya kaburi la nani.

Sasa turudi madukani pamoja na fundi. Alivikuta vipande vingi. Nyumba ikianguka, mlango wake hutolewa kifusini na kuuzwa, na mara nyingi hauuzwi mzima: mbao mbili hufanywa meza, mfaa hutundikwa ukutani katika hoteli, kizingiti huwekwa kando kikimngoja mnunuzi mwingine. Vingine vimechongwa juzi, vikapakwa rangi nyeusi na kuachwa mvuani vipate kuonekana vikongwe. Hatimaye alikiona kimoja ambacho kipimo chake kilipungua vidole viwili tu. Kilikuwa cha kale kweli. Mchwa waliila ncha moja. Seremala mzee aliyekaa kibarazani mwa duka alikipangusa kwa kanzu yake, akakisoma polepole. Palikuwa na jina la Mungu, kisha jina la mtu na la baba yake, kisha mwaka 1305. Mwaka huo wa Hijra ulianza mwezi wa Septemba 1887, siku za mwisho za Barghash. “Hiki,” mzee alisema, “si ubao, bwana. Hiki ni cheti cha mtu. Ukikitia katika nyumba ile, kila apitaye ajuaye kusoma ataambiwa uongo.”

Fundi hakununua. Alirudi akamweleza bwana wake, ambaye alikasirika, kwa kuwa alikuwa ametafuta miezi mingi, na kwa macho yake kipande kilikuwa kizuri. Simlaumu sana. Katika nchi yake huenda amezoea vijidaka vya ukutani vyenye sanamu za watakatifu, ambavyo mwenye nyumba mpya huvirithi pamoja na bustani na kisima, bila kuulizwa kama asali. Amekuja pwani, ameona pengo juu ya mlango, akataka kulijaza kwa heshima.

Jibu langu kwa fundi, nililompa baada ya siku tatu, lilikuwa hili. Kazi ya mikono si dhihaka. Jairam Senji alitoa uwanja kwa dini isiyo yake, wala hakuna aliyesema amedhihaki. Mwashi Mkristo aweza kuutengeneza msikiti, na Mwislamu kanisa, kila mmoja akijua ni kwa ajili ya watu watakaosali humo. Kama kizingiti cha asili cha nyumba ile kingalipatikana, ningalimwambia akirudishe mahali pake kwa mikono yote miwili, hata kama hawezi kusoma herufi moja, na hata kama mkaaji wa leo hasadiki. Neno hilo lingekuwa la nyumba. Lakini jina la mtu mwingine, lililong’olewa katika nyumba nyingine iliyoanguka, si la nyumba ile, na kulipachika pale ni kumwandika marehemu mahali ambapo hakulala hata usiku mmoja. Hapo kosa si la dini tu, ni la ushuhuda.

Nilimkumbusha na jambo la pili, ambalo mapadre wenye misioni za kale walishike. Sheria ya mambo ya kale ya mwaka 1964 ya huku Bara yauhesabu mlango au fremu ya mlango iliyochongwa kabla ya mwaka 1940, kwa mtindo wa Kiafrika au wa Mashariki, kuwa kitu chenye kulindwa, na kukitoa nchini kwahitaji kibali. Zamani mapadre na wamisionari walinunua milango pwani au Tabora, wakaitia katika nyumba zao za bara bila kuandika popote ilikotoka. Mlango wa namna hiyo ukiwa kwako, usiukwangue, usiuuze kwa mgeni apitaye kwa gari, na umwite mtu asome kilichoandikwa juu yake, ukiandike daftarini pamoja na habari za wazee wanaokumbuka ulivyokuja.

Fundi alirejea Unguja kabla ya mvua. Ameniletea habari kwamba chokaa imekaa vema upande wa bahari, ila chumvi yatoka bado penye ngazi, naye atapaka tabaka nyingine wakati wa kiangazi. Bwana wake ameacha kutafuta. Yule seremala mzee aliitwa aje kupima mlango, akachonga ubao mpya wa mvule, akauzungushia nakshi ya mnyororo pembeni, na katikati akaacha nafasi laini, upana wa viganja vinne. Alipoulizwa atachonga nini hapo, alisema yeye ameacha nafasi tu. Atakayesali ndani ya nyumba hiyo ndiye atakayesema.